Kozi ya Kijerumani ya jioni: tulilipa ada ili tuongee, tukanyamazishwa

Nilijiandikisha katika kituo kimoja cha lugha hapa Dar es Salaam kwa sababu kiliahidi kututayarisha kwa mtihani wa Kijerumani wa Goethe-Zertifikat A2, yaani wa ngazi ya pili, kwa mazoezi ya kulinganisha. Mwanzoni ahadi ilitimizwa. Mwalimu wetu wa kwanza alitugawa wawili wawili, akampa kila mmoja picha inayokaribia kufanana na ya mwenzake, akatukataza kuonyeshana, nasi tukaulizana mpaka tukabaini tofauti zote. Asiyeiona picha ya mwenzake hana budi kuuliza, na nguvu yote ya zoezi imo humo. Hata sehemu ya mwisho ya mtihani wa kuongea imejengwa hivyo: kila mtahiniwa hushika ratiba yake, nao hujadiliana mpaka wapate saa inayowafaa wote wawili.

Kisha tukaletewa mwalimu mwingine. Huyu huziweka picha zote mbili ukutani kwa projekta, halafu anauliza zinatofautianaje. Nani atahangaika kueleza kitu ambacho darasa zima linakiona?

Jioni moja tulipewa kulinganisha mabasi ya mwendokasi na daladala, mada ambayo hakuna mkazi wa jiji hili asiye na la kusema juu yake. Mama mmoja anayejiandaa kwenda Hamburg kuhudumia wazee alisimama, akaanza kusimulia kwa bidii foleni ya asubuhi pale Kimara na nauli anayolipa. Alipotamka “teuer als” badala ya “teurer als”, yaani “ghali zaidi kuliko”, mwalimu alimkatiza: “Mama, hapa si sokoni. Sema kwa usahihi au unyamaze.” Mama yule aliketi, akafunga daftari, na hakufungua kinywa tena jioni ile. Sisi wengine pia tulinyamaza. Kosa kama hilo huandikwa pembeni na kurekebishwa watu wakishamaliza kuongea, kama alivyofanya mwalimu wa kwanza.

Nilikusudia kuandika kwamba kituo hiki hakifai kabisa. Hilo lingekuwa dhuluma kwa mwalimu wa kwanza, ambaye bado anafundisha zamu ya asubuhi, na mwenye nafasi saa hizo ningemshauri aende. Hata mwenye nafasi hiyo, hata hivyo, nasita kumshauri hivyo, kwa kuwa tulipopeleka malalamiko ofisini tulijibiwa kwamba mwanafunzi hachagui mwalimu. Kwa sisi tunaofanya kazi mchana jibu langu ni moja: msipeleke fedha zenu pale mpaka yule mama aombwe radhi mbele ya darasa lile lile.