Uzoefu wangu na hema la mtu mmoja: siku sita kwa pikipiki, kutoka Dodoma hadi maziwa ya Hanang

Nililinunua hema hili mwezi Mei katika duka moja hapa Dodoma kwa shilingi 185,000, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba linahimili mvua ya namna yoyote. Sikumwuliza habari za upepo, na kosa hilo ni langu, kwa sababu mtu anayetoka Dodoma mwezi Julai kwenda Kondoa, Babati na Hanang, kisha akarudi kwa njia ya Singida na Manyoni, huenda asione hata tone moja la mvua, lakini upepo atakula nao na kulala nao. Kwa hiyo kuhusu mvua sina la kusema. Ninachoweza kukieleza ni jinsi hema lilivyostahimili upepo, ardhi na baridi, na jinsi lilivyokaa juu ya keria ya pikipiki ya cc 150.

Likikunjwa lina uzito wa kilo mbili na ushei, na urefu wake hauzidi upana wa keria, jambo ambalo mwenye pikipiki ataliona kuwa neema. Nililifunga kwa mpira wa tyubu, ule ule ambao vijana wa bodaboda hufungia magunia ya mkaa. Barabara ya Dodoma hadi Babati ni ya lami, nami nikajisahau. Kabla ya kufika Chemba mfuko ulikuwa umeteleza upande wa kulia hadi ukagusa eksozi, na nilitambua kwa harufu tu. Mfuko ulitoboka, na turubai la juu likapata tundu linaloweza kupitisha kidole. Hilo silihesabu kuwa kasoro ya hema, ila ningependa mfuko ule uwe na vitanzi vya kupitishia kamba, kwani inaonekana aliyeushona alimfikiria mtu atakayeubeba mgongoni.

Usiku wa kwanza nililala Kolo, kijiji ambacho watu huanzia safari ya kwenda kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwenyekiti wa kitongoji alinionyesha uwanja nyuma ya nyumba yake. Udongo wa huko ni mchanga mwekundu, dhaifu, uliochimbwa na mvua hadi ukawa makorongo. Ndiyo maana serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi. Vigingi vya hema, ambavyo ni vyembamba kama spoku za baiskeli, viliingia humo kwa kusukumwa na kidole gumba na vikatoka kwa urahisi huo huo. Nililazimika kufunga kamba kwenye mawe. Babati sikupiga hema ufukweni kabisa, kwa kuwa ziwa lile lina viboko, na kiboko hutoka usiku kwenda malishoni bila kujali nani amelala njiani kwake; nililala katika ua wa nyumba ya wageni, na huko hema halikupata mtihani wowote.

Mtihani ulikuwa Balangida. Ziwa hilo la magadi liko chini ya Mlima Hanang, na wakati wa kiangazi maji hurudi nyuma yakaacha uwanda mweupe wa chumvi ambayo wenyeji huikusanya. Ardhi ya kando yake ilikuwa imekauka ikawa kama sakafu ya saruji. Kigingi cha kwanza kilipinda kwa pigo la tatu la jiwe, cha pili kikapinda, na nilipokuwa bado nahangaika na cha tatu, upepo ukaliinua hema zima upande mmoja, likabaki limeshikiliwa na begi langu la nguo. Mzee mmoja wa Kibarabaigi aliyekuwa akirudisha ng'ombe alisimama akiegemea fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Mbona nyumba yako inataka kuondoka bila wewe?"

Alinielekeza nihamie nyuma ya uzio wa miiba wa boma lake, na huko nikaegesha pikipiki upande unaotoka upepo, nikafunga kamba mbili kwenye gurudumu la mbele na moja kwenye keria. Hapo ndipo nilipoanza kuliheshimu hema hili. Nguzo zake zilipinda usiku kucha kama upinde na kila mara zikarudi mahali pake. Hakuna mshono ulioachia, wala zipu iliyokwama licha ya vumbi la chumvi.

Asubuhi nilikwenda Katesh kwa fundi wa kuchomelea, akanikatia vipande vinane vya nondo ya milimita 8, akavinoa ncha na kuvikunja vichwa, kwa shilingi 8,000. Alipojua nimekusudia kulala nje alinionya nisithubutu kupiga hema ndani ya korongo, hata kama limekauka, na hakuhitaji kunieleza sababu: mji huo ndio ulioshukiwa na tope kutoka mlimani tarehe 3 Desemba 2023, watu zaidi ya 80 wakafariki.

Basotu, kando ya ziwa la maji baridi, vigingi vya nondo viliingia kwenye udongo mweusi na havikutikisika. Tatizo la huko lilikuwa baridi. Nilifunga matundu yote ya hewa, na kufikia saa kumi na moja alfajiri pumzi yangu yenyewe ilikuwa imegeuka matone kwenye turubai la juu, kila nikijigeuza yananidondokea shingoni. Usiku uliofuata niliacha tundu la upande wa miguu wazi, nikavaa soksi mbili, nikaamka mkavu. Maelezo yaliyokuja na hema hayasemi lolote juu ya hilo, nami naona yangepaswa kusema.

Kwa anayesafiri peke yake kwa pikipiki katika kanda hii, ningelinunua tena hema hili, kwa masharti kwamba bei ishuke kwa thamani ya vigingi, ambavyo mimi navihesabu kuwa havimo. Niliporudi Dodoma nilivipeleka dukani vile vilivyopinda. Muuzaji alivitazama, akasema dhamana haihusu vigingi, kisha akaomba kuviona vile vya nondo, na akaniuliza namba ya simu ya fundi wa Katesh.