Hoya R72 kwenye mibuyu ya Mama Ngina, Mombasa
Filta hii ya lenzi ya kamera ni nyeusi tii. Ukiishika mkononi utadhani umeuziwa kioo cha fundi wa kuchomelea. Hupitisha mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, kuanzia nanomita 720 hivi, na kamera ya kawaida ina kizuizi cha mwanga huo ndani. Kwa hiyo hata saa saba mchana, jua la utosi, naacha shata wazi sekunde 20 au zaidi. Stendi ni lazima. Fokasi weka kwanza, ndipo uifunge filta. Nikiiambia kamera ihesabu nyasi kuwa nyeupe (white balance), majani ya mibuyu hutoka meupe pe na anga nyeusi. Kusi ikivuma minazi huwa ukungu mtupu. Mie naipenda hivyo. Lenzi yangu moja huacha doa la mwanga katikati ya picha, hiyo nimeiweka kando. Kwa picha za harusi, usijisumbue nayo.