Kupimwa neva za moyo kwa mwenye sukari: uzoefu wangu Moshi

Nina sukari, huu mwaka wa 11. Nauza mitumba Kiboriloni, kazi ya kuinama kwenye balo na kuinuka kutwa nzima. Tangu mwaka jana kila nikiinuka macho yanaingia giza, nashika meza nisianguke. Kituo nilichokuwa nahudhuria walinipima presha nimekaa, ikasoma vizuri, wakasema ni uchovu. Mara tatu.

Safari hii nikaenda kliniki nyingine hapa hapa mjini. Daktari akasema tuangalie neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazoendesha moyo na presha zenyewe, bila wewe kuziamrisha. Sukari ya miaka mingi huziharibu. Sharti: asubuhi hiyo nisivute sigara wala kunywa kahawa. Mchaga mzima, kahawa shambani, unaambiwa usionje!

Nikalala, nikabandikwa nyaya za ECG, mashine inayochora mapigo ya moyo. Unavuta pumzi sekunde 5, unatoa sekunde 5, dakika nzima. Mapigo yanapaswa kupanda ukivuta na kushuka ukitoa, tofauti ifike mapigo 15 hivi kwa dakika. Yangu ilikuwa 7. Kuna kipimo kingine cha kupuliza mrija kwa nguvu sekunde 15. Hicho nilirukishwa, maana mishipa ya macho yangu imeshawahi kuvuja damu na kujikamua kungeweza kuivujisha tena. Nilipenda kwamba aliuliza kwanza.

Sasa sehemu niliyoidharau. Nikapimwa presha nimelala: 142 kwa 84. Nikasimama, nikapimwa tena mpaka dakika ya 3: 114 kwa 76. Namba ya juu ikishuka 20 tu tayari ni tatizo, mimi nimeshuka 28. Yaani jibu lilikuwa kwenye mashine ileile ya presha ya siku zote, ila hakuna aliyewahi kunisimamisha.

Malalamiko yangu ni foleni: nilifika saa moja, nimeingia saa tano, na mwenye sukari hakai na njaa hivyo. Nendeni na kitu cha kutafuna.

Dawa moja ya presha nimepunguziwa. Kilichoninyima usingizi ni kuambiwa kwamba neva zikiwa hivi, unaweza kupata mshtuko wa moyo (heart attack) bila kifua kuuma, kwa hiyo nikitokwa jasho la ghafla au pumzi ikinibana nisisubiri maumivu, niwahi hospitali. Mke wangu nimemweleza, na kijana wa dukani pia. Balo siku hizi nafungulia kwenye kigoda.