Faili la upana maalumu au la vitenganishi?

Chukua orodha ya wauzaji wa karafuu inayotoka Wete kwenda mfumo wa malipo Unguja. Ukiipanga kwa vitenganishi, alama kama mkato hutenga sehemu moja na nyingine. Ukiipanga kwa upana maalumu, kila sehemu ina makao yake: namba ya mkulima herufi ya 1 hadi 10, jina na mtaa 11 hadi 40, kilo 41 hadi 47. Mkato ulio ndani ya “Limbani, Wete” haumsumbui mtu. Kilo 125.50 huandikwa 0012550. Nukta haimo, ni makubaliano tu, na programu isiyoambiwa italipa mara mia.

Ugonjwa wake mkubwa ni kuhesabu baiti badala ya herufi. Ritifaa iliyopinda katika Ng’ambo ni alama moja, lakini katika UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi kama baiti, ni baiti 3. Msomaji wa baiti huteleza nafasi 2, na kilo zinasomwa pasipo pake. Geuza baiti kuwa herufi kwanza, kisha pima kila mstari: usiofika au uliozidi 47, ukatae.

Faili la vitenganishi ni jepesi kulikagua kwa macho. Ila “Limbani, Wete” sharti ifungwe kwa alama za nukuu, na nukuu ya ndani iandikwe mara mbili, kama RFC 4180 ya 2005, waraka unaoeleza faili za mkato (CSV), inavyosema. Kukata mstari kwenye kila mkato ni uvivu unaozaa safu za ziada. Excel nayo, ukilifungua na kulihifadhi humo, hula sifuri za mwanzo wa namba.

Mfumo mpya upewe vitenganishi, ikiwezekana mstari wima (|). Upana maalumu ubaki kwa mifumo ya zamani inayoudai.