Kupwelewa na sauti: daktari wa koo au mtaalamu wa tiba ya sauti?
Mwimbaji au mwigizaji wa Bagamoyo aliyepwelewa na sauti kwa zaidi ya wiki 4 aanze, kwa maoni yangu, kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa kuwa yeye ndiye anayepitisha kamera nyembamba puani, akaziona nyuzi za sauti zenyewe na kutambua kama kuna vinundu vya kawaida au dalili za saratani, jambo ambalo sikio pekee, hata la mwalimu hodari, haliwezi. Mvutaji sigara asisubiri hata wiki hizo.

Mtaalamu wa tiba ya sauti hapasui. Humfundisha mtu kupumua na kutoa sauti bila kulikaba koo. Hata hivyo, kwa vinundu vinavyotokana na kupaza sauti kupita kiasi, mazoezi yake kwa kawaida hutangulia upasuaji.