Korona ilipokata watalii: kobe wa Changuu au kima punju wa Jozani?

Machi 2020 ndege za watalii zilipokatika Zanzibar, wanyama gani walikuwa pabaya zaidi? Wengi watasema kobe, na kwa siku za mwanzo nakubaliana nao. Kobe wa kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, asili yao Shelisheli, waliletwa kama zawadi mwaka 1919, na wanaishi uani. Mgeni ndiye anayelipa boti na kiingilio, tena ndiye anayewanyooshea fungu la mchicha, kobe akinyoosha shingo taratibu, namba ya umri imepakwa rangi mgongoni. Mgeni asipokuja, mchicha bado unatakiwa.

Kima punju wa msitu wa Jozani hamngojei mtu. Anachuma majani mwenyewe, na hula hata makaa, inadhaniwa ili kupunguza sumu ya majani hayo. Tena watu walipopungua alipata nafuu: maradhi ya mapafu ya binadamu huweza kumwambukiza kima. Hata chuimilia wa Bronx Zoo, bustani ya wanyama ya New York, alikutwa na virusi vya korona Aprili 2020.

Lakini baada ya siku hizo za mwanzo, naona kima wa Jozani ndiye aliyekuwa pabaya zaidi. Kiingilio cha hifadhi ile hugawiwa pia vijiji vya jirani, ambako kima huingia mashambani. Fedha ikikauka, mkulima anabaki na hasara yake, na panga la kukata kuni lipo mlangoni. Kobe unaweza kumchangia mchicha. Msitu ukikatwa utauchangia nini? Na kima punju, nje ya visiwa hivi, hapatikani porini popote duniani.