Gari la kumpeleka mama kliniki: nyota 4, ya tano imeliwa na simu

Mamangu anatumia kiti cha magurudumu, na huku Ohio, Marekani, kliniki ya figo anapelekwa na gari dogo la shirika la mabasi la mji wetu. Gari lenyewe sina neno nalo. Lifti inashuka taratibu, dereva anafunga kiti kwa mikanda minne, anavuta kila mmoja kuhakikisha, na nauli haizidi mara mbili ya basi la kawaida, kama sheria ya walemavu ya 1990 inavyotaka.

Tabu ilikuwa simu. Mama akipiga kuweka nafasi, Kiingereza kikikwama wanamkatia! Shirika linalokula fedha za serikali kuu halina ruhusa hiyo: Sehemu ya VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na lugha imo. Nikaandika malalamiko (mna siku 180 tangu mbaguliwe, msilale). Siku hizi ukisema "Swahili" unapewa mkalimani bure, ila muziki wa kungojea utakukera. Wekeni nafasi siku moja kabla, na wakikwambia mtoto akutafsirie, kataa.